Kofia ya Kiongozi

Katika jamii nyingi za Afrika, kichwa ndicho kiungo kinachovishwa heshima. Sultani wa pwani alijulikana kwa kilemba chake, na wazee wa bara walikuwa na kofia zao za ngozi, za manyoya na za ushanga. Wakoloni nao walilijua jambo hili. Gavana wa Kiingereza alipohudhuria sherehe kubwa alivaa kofia nyeupe yenye manyoya ya ndege, ili hata aliyesimama nyuma kabisa auone umbali uliokuwapo baina ya mtawala na mtawaliwa.

Kwa hiyo viongozi wetu wa kwanza walipotwaa madaraka, kuchagua kofia hakukuwa jambo la urembo tu. Tena tukizitazama picha za wakati ule tunaona jambo la kutia fikira: baadhi yao walivaa kofia za watu wasio wa kabila lao wala wa dini yao.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama, na Mkristo wa madhehebu ya Katoliki. Hata hivyo, mara nyingi alionekana amevaa kofia ya duara ya watu wa pwani, ambayo wavaaji wake wengi ni Waislamu. Chama cha TANU kilipoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954, wazee na akina mama wa mji huo walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kofia ile ilikuwa ya mvuvi, ya mchuuzi na ya mwalimu wa madrasa. Kiongozi aliyeivaa alikuwa akisema kwamba yeye ni wa wote.

Huko Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa Mkikuyu, alipenda kuvaa kofia ya ushanga ya wazee wa Kijaluo. Mwaka 1958, Kenyatta akiwa bado kifungoni, Mjaluo Oginga Odinga ndiye aliyesimama katika baraza la kutunga sheria na kutamka kwamba huyo ndiye kiongozi wa kweli. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kofia ile ilikuwa ishara ya umoja uliouleta.

Lakini wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, na mwaka 1969 akawekwa kizuizini. Kofia ya ushanga ilibaki kichwani mwa Mzee hali udugu ule umekwisha kuvunjika. Hapa tunajifunza kwamba kofia ni ahadi, na ahadi hutimizwa kwa matendo.

Tumtazame pia Mobutu wa Kongo, aliyetwaa madaraka mwaka 1965. Yeye alichagua kofia ya ngozi ya chui, mnyama ambaye katika jamii nyingi za Kongo ni alama ya utemi. Mwaka 1971 aliibadili nchi jina ikaitwa Zaire, akidai kurudisha uasili wa Mwafrika. Dai hilo lilikuwa na haki yake, maana ukoloni ulikuwa umedharau kila kilicho chetu. Lakini alijijengea majumba ya fahari huko Gbadolite wakati wananchi wakididimia katika ufukara. Wapambe wake walimvika kilemba cha ukoka, naye akakiamini, mpaka alipong'olewa mwaka 1997.

Kwa upande wa Tanzania, ahadi ya kofia ilitiwa katika maandishi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Hatusemi kwamba kila jambo lilikwenda sawa: katika miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na uchumi ukayumba. Lakini Mwalimu alipong'atuka urais mwaka 1985 hakuwa amejilimbikizia mali.

Basi mwanafunzi anapoitazama picha ya kiongozi, asiridhike kutaja jina la kofia na kabila lililoishona. Yafaa aulize pia: je, mwenye kofia hii alipotawala, wale waliozoea kuivaa walipata nini?