Bukta Ikukae

Ukitaka ile nguo ya kubana wanayovaa waendesha baiskeli, yenye kitu laini chini ya makalio, sema "bukta ya sponji" utaeleweka. Bukta ilikuwa chapa ya nguo za michezo ya Uingereza. Waswahili wakaivua herufi kubwa, ikawa yetu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sponji.

Neno hilo humfanya mnunuzi abonyeze kwa kidole gumba na kuchagua nene kuliko zote. Nene na laini mno hudidimia pale mfupa unapotua, ikavimba pembeni na kusugua mapaja. Juu ya kiti chembamba mwili hubebwa na mifupa miwili ya makalio, na povu gumu kiasi, lililokaa hapo hapo, ndilo linalofaa. Pedi za wanawake hukatwa kwa umbo lao, kwa kuwa mifupa hiyo kwao aghalabu imeachana zaidi.

Wazungu huiita pedi hiyo shamua, jina la mnyama wa jamii ya mbuzi wa milima ya Alps. Zamani kaptura zao za sufu zilishonewa ndani kipande cha ngozi yake. Kazi yake ilikuwa kuzuia mishono isichubue mtu, wala haikuwa mto. Ikifuliwa ilikakamaa, ikabidi ipakwe mafuta. Leo ngozi imeondoka, jina limebaki.

Mimi ningeiita tandiko. Punda hutandikwa mzigo usimchubue, na mwenye punda huangalia limelalaje, halafu ndiyo unene. Tandiko pia linakataa chupi (hapa wengi hunibishia): chupi ina mishono na hushika jasho, yaani inarudisha kile kile kilichokimbiwa.

Kwa kipimo hatuhitaji istilahi mpya. Nguo humkaa mtu au haimkai. Ila usiipime ukiwa wima mbele ya kioo. Ukisimama, ile yenye mikanda ya mabegani itakuvuta na utadhani ni ndogo. Inama kama umeshika usukani, uchezeshe miguu. Mikanda italegea. Kunyanzi likibaki kwenye kinena, au tandiko likihamahama, shuka saizi moja. Mpira wa pajani ukikata nyama, panda moja.