UFC 270

UFC 270 ilikuwa usiku wa mapambano ya sanaa za mapigano mchanganyiko wa kampuni ya UFC, uliofanyika Januari 22, 2022 katika ukumbi wa Honda Center, Anaheim, jimbo la California, Marekani. Pambano kuu liliunganisha mikanda ya uzito wa juu: Francis Ngannou wa Kamerun, bingwa kamili, dhidi ya Ciryl Gane wa Ufaransa, bingwa wa muda. Wawili hao waliwahi kufanya mazoezi pamoja jijini Paris chini ya kocha Fernand Lopez, ambaye usiku huo alikuwa kwenye kona ya Gane.

Ngannou, aliyeogopwa kwa ngumi zake nzito, alipanda ulingoni akiwa na jeraha la goti. Raundi mbili za kwanza zilikuwa za Gane. Kuanzia ya tatu Ngannou akageukia mieleka, akambwaga mpinzani na kumkandamiza chini. Hakuna aliyemtarajia kushinda kwa njia hiyo, na huo ndio uzito wa ushindi wake. Majaji wote watatu walimpa ushindi: 48–47, 48–47 na 49–46.

Mapema usiku huo Deiveson Figueiredo wa Brazili alimshinda Brandon Moreno wa Meksiko kwa pointi na kurejesha mkanda wa uzito mdogo kabisa wa wanaume. Ngannou aliondoka UFC Januari 2023 bila kupigana tena humo.