Gari la umeme wakati wa kimbunga: mipango ya mama mwenye mtoto au mgonjwa nyumbani

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Julai 8, 2024, kimbunga Beryl kilipiga pwani ya Texas, na zaidi ya wateja milioni 2 wa Houston na maeneo ya jirani wakakosa umeme katikati ya joto kali. Baadhi ya waliofariki hawakuuawa na upepo wala maji, bali na joto ndani ya nyumba au hewa ya sumu kutoka kwenye jenereta.

Kama familia yako ina gari la umeme, linaweza kukusaidia siku hizo, mradi upange mapema.

Kabla ya kimbunga

- Jaza chaji hadi asilimia 100 mara tahadhari inapotolewa. Vituo vya kuchaji navyo hutegemea umeme.
- Angalia kama gari lako lina soketi ya kutoa umeme, kama Hyundai Ioniq 5 au Ford F-150 Lightning. Si magari yote yanayo. Jaribu mashine ya mtoto siku ya kawaida, usingoje dharura.
- Ukiwa Texas na una mgonjwa anayetegemea mashine, piga 211 aandikishwe kwenye orodha ya wanaohitaji msaada. Mwombe daktari ajaze pia fomu ya kampuni ya umeme. Fomu hiyo haizuii umeme kukatika, kwa hiyo weka mtungi wa oksijeni wa akiba.
- Egesha gari mahali palipoinuka.

Betri itatosha nini?

Betri ya gari hupimwa kwa uniti, zile zile tunazonunua za luku nyumbani. Betri nyingi hubeba uniti 60 au zaidi. Kwa makadirio:

- Friji: uniti 1 hadi 2 kwa siku.
- Mashine ya kuvuta dawa ya pumu: chini ya uniti 1 kwa siku.
- Mashine ya oksijeni ya nyumbani: uniti 7 hadi 10 kwa siku.
- Kiyoyozi cha gari: uniti 1 hadi 2 kwa saa.

Betri hiyo hiyo ndiyo itakayokufikisha hospitali. Kabla ya kimbunga, hesabu chaji ya kwenda na kurudi, kisha zidisha mara mbili. Ikibaki kiasi hicho, chomoa kila kitu. Mgonjwa wa oksijeni, mjamzito aliyekaribia kujifungua na mtoto mchanga waondoke mapema, njia zikiwa wazi.

Tumia kwa usalama

- Gari la umeme tupu halitoi moshi. Gari la petroli, haibridi na jenereta hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani.
- Chomeka kifaa moja kwa moja kwa waya imara wa kurefusha. Usiingize umeme wa gari kwenye soketi ya ukutani: unaweza kumuua fundi anayetengeneza nyaya.
- Mkipoa ndani ya gari, mtu mzima akae na watoto muda wote.
- Gari likizama kwenye maji, hasa ya chumvi, usiliwashe wala kulichaji. Betri inaweza kushika moto hata baada ya siku kadhaa. Lisogezwe mita 15 kutoka kwenye nyumba. Ukiona moshi au kusikia mlio kama wa kitu kinachochemka, kaa mbali na upige 911.

Maziwa na dawa

Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa 4. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Kwenye joto zaidi, mnyonyeshe moja kwa moja. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa yatumike ndani ya saa 2. Kuhusu insulini, muulize mfamasia mapema inavumilia joto kwa siku ngapi.

Mtoto chini ya miezi 6 usimpe maji kwa sababu ya joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Piga 911 mara moja

- Mtoto amelegea, haamki vizuri au amepata degedege.
- Mwili unachoma na mtu anaongea asiyoyajua.
- Anapumua kwa shida, au midomo imebadilika rangi.
- Watu kadhaa nyumbani wanaumwa kichwa na kutapika kwa pamoja. Tokeni nje kwanza, ndipo mpige simu.

Nepi ikikaa kavu kwa saa 6, mtafute daktari siku hiyo hiyo.