Gari Linatoa Moshi wa Bluu? Angalia Unatoka Wakati Gani Kabla Injini Haijafunguliwa

Kila tukizungumzia magari hewani, swali la moshi halikosekani, na karibu kila mara linakuja hivi: gari linatoa moshi, fundi amesema injini imekufa, nifanye nini? Kabla ya kujibu huwa nauliza mambo mawili. Moshi una rangi gani? Na unatoka wakati gani? Rangi inakuonyesha kinachoungua. Wakati unakuonyesha kinapitia wapi, na hapo ndipo wengi hawaangalii, wakati ndipo penye tofauti kati ya kubadilisha kipira kidogo na kushusha injini nzima.

Rangi tuzimalize haraka. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na chujio la hewa, maana kwa vumbi la barabara zetu huziba mapema. Kama ni dizeli, nozeli nazo zikapimwe. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, unaopotea baada ya dakika chache, usikusumbue. Lakini mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote, maana yake maji yanaingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu gasketi ya hedi imeungua. Ukiona na oili imegeuka kama chai ya maziwa, zima gari hapo hapo. Usijaribu kufika nalo nyumbani, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto.

Bluu ndiyo oili, na hapa msikilizaji nenda taratibu.

Kama gari linatoa moshi mzito wa bluu likiwashwa asubuhi, kisha linatulia, shuku sili za valvu. Ni vipira vidogo vilivyokaa juu kwenye hedi. Vikizeeka hukakamaa, oili ikachuruzika usiku kucha hadi kwenye silinda, na asubuhi inaungua yote kwa pamoja. Dalili nyingine ya sili hizo utaiona kwenye mteremko mrefu: unashuka mguu ukiwa umeachia mafuta, ukifika chini ukikanyaga tu, wingu linatoka nyuma. Mguu ukiachia, injini huvuta kwa nguvu kama mtu anayenyonya mrija ulioziba, na oili inafuata. Fundi mzoefu anaweza kubadilisha sili hizo bila kugusa pistoni.

Kama moshi unazidi ukipanda mlima na mzigo, na haukomi hata injini ikipata moto, shuku ringi za pistoni. Washa injini, gari likiwa limesimama, kisha fungua taratibu mfuniko wa kuwekea oili. Ukiona moshi unapumua hapo kwa nguvu, puf puf puf, mgandamizo wa silinda unavuja kushuka chini.

Hata hivyo usikubali ovahoo bado. Kwenye injini nyingi za petroli kuna valvu ndogo ya kupumulia, inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa. Ikiziba kwa uchafu, presha inajaa ndani na kusukuma oili kusikotakiwa, na dalili zake hufanana na ringi zilizokwisha. Mwambie fundi aitoe aitikise: nyingi zikiwa nzima hulia kachakacha. Ni spea ndogo, ya bei nafuu, na inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Baada ya hapo ndipo kinakuja kipimo cha kompresheni. Fundi hutoa plagi na kupima silinda moja moja, akaandika namba. Kwenye silinda iliyo chini anamwaga oili kijiko kimoja na kupima tena. Namba ikipanda sana, ringi zinavuja, kwa sababu oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Plagi zenyewe nazo zina ushahidi: yenye weusi uliolowa oili ni ya silinda inayokula oili, yenye masizi makavu ni mafuta mengi. Fundi anayetaka kushusha injini bila kukuonyesha hata kimoja kati ya hivi, mimi gari langu nisingemwachia.

Kuna injini zinazokula oili bila kuonyesha moshi wowote, kwa kuwa masega yaliyomo ndani ya ekzosi huunguza sehemu ya oili hiyo. Mfano unaojulikana ni Toyota yenye injini 2AZ-FE, iliyofungwa kwenye baadhi ya RAV4 na Camry. Ringi zake za oili hukwama kwa masizi. Marekani, Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari hayo, na kipimo kilikuwa kupoteza zaidi ya lita moja hivi kwa kilomita 1,900. Wengi wanaoua injini hizi hawakuona moshi. Walisubiri taa ya oili iwake, na taa hiyo huonyesha presha imeshuka, wala si kwamba oili imeanza kupungua.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kumi. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kwenye magari madogo mengi, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni karibu lita moja. Andika kwenye daftari kilomita na kiasi ulichoongeza. Ndani ya mwezi utakuwa na namba ya kumwonyesha fundi.

Na kama unanunua gari la mkononi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi, maana moshi wa sili ameshautoa bila wewe kuuona. Angalia pia oili iliyomo: nzito kupita kiasi hupunguza moshi kwa muda, na wauzaji wanalijua hilo vizuri.