Jinsi ya kutambua bano za kale na kukadiria thamani yake

GOLOLI za kioo, ambazo watoto wa Nairobi huziita bano au banta, zimechezewa katika vumbi la mitaa ya Eastlands kwa vizazi kadhaa. Wengi waliozilenga shimoni walipokuwa wadogo katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Bahati au Jericho hawakuwahi kufikiri kwamba kipande hicho cha kioo kingeweza kuwa na historia, sembuse bei.

Ulaya na Marekani kuna wakusanyaji ambao hulipa mamia ya dola kwa bano moja ya kale. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bano zilizochezewa Afrika Mashariki ni za kawaida na hazina bei kubwa sokoni. Anayeanza kukusanya anapaswa kuzijua aina zote mbili, ili asilaghaiwe na muuzaji, wala asitupe kitu adimu akidhani ni takataka.

Suala hili lina uzito zaidi wakati huu ambapo mitaa ya zamani ya Kaunti ya Nairobi imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya. Mtaa wa zamani wa Pangani tayari umepisha maghorofa. Maringo, Jericho, Bahati na Ziwani ni miongoni mwa mitaa iliyotajwa katika awamu zilizofuata. Tingatinga zinapofukua nyua ambazo watoto walichezea kwa miongo mingi, bano zilizopotea humo huibuka kwa siku chache tu kabla ya kufunikwa kwa saruji.

ZILIKOTOKA

Kabla ya kioo kuenea, bano nyingi zilikuwa za udongo uliochomwa au za mawe. Bano za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi katika mji wa Lauscha, jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, katika miaka ya 1840, baada ya mafundi kubuni makasi maalumu ya kukata na kuviringisha kioo kingali moto. Kila bano ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye ufito wa kioo wenye rangi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Martin Frederick Christensen wa mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, alibuni mashine ya kuviringisha bano, na mwaka wa 1905 akapata hataza ya uvumbuzi huo. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 na bidhaa za Ujerumani zikaadimika, viwanda vya Marekani vilitwaa soko. Kilichovuma zaidi ni Akro Agate, ambacho kilihamia Clarksburg, West Virginia, mwaka wa 1914 na kufungwa mwaka wa 1951. Baadaye Japani, Mexico, India na China zilijitosa katika biashara hiyo.

Majina yanayotumiwa Afrika Mashariki nayo yanaelekeza macho ng'ambo ya Bahari Hindi. Banta ni neno linalotumika pia kaskazini mwa India, na gololi linakaribiana na goli la Kihindi na Kigujarati.

CHUNGUZA NCHA MBILI

Hatua ya kwanza ni kuishika bano kwenye mwanga wa jua na kutafuta ncha zake mbili, mfano wa ncha za dunia. Bano iliyotengenezwa kwa mkono aghalabu huwa na kovu kwenye ncha moja au zote mbili, mahali ilipokatwa kutoka kwenye ufito. Kovu hilo huwa lenye kukwaruza au lililosagwa likawa bapa. Mistari ya rangi huanzia ncha moja na kuishia kwenye nyingine.

Miongoni mwa bano hizo za Kijerumani zipo zenye nyuzi nyeupe au za manjano zilizosukwa kama wavu katikati, na zenye madoadoa ya rangi yaliyotandazwa mfano wa ganda la kitunguu. Nyingine zina chembe za shaba zinazometameta kama dhahabu. Vilevile zipo zenye sanamu ndogo nyeupe ya mnyama au mtu ndani ya kioo kisicho na rangi. Hizo mbili za mwisho ndizo hutafutwa sana, na kwa sababu hiyo ndizo huigwa sana.

Kovu peke yake si ushahidi wa ukale. Wasanii wa kioo wa siku hizi hutengeneza bano kwa mkono na kuacha kovu kama lile lile. Bano ya kweli ya miaka 100 na zaidi huwa na mikwaruzo midogo ya kuchezewa, na alama zenye umbo la mwezi mchanga pale ilipogongwa. Ikiwa haina hata mkwaruzo mmoja na bei yake ni ya kutupa, mnunuzi na atahadhari.

ZA MASHINE

Bano ya mashine haina kovu la kukatwa. Badala yake huenda ikawa na mshono hafifu, au rangi iliyojipinda kama mkia pale mkondo wa kioo ulipokatwa. Za Akro Agate hutambulika kwa ukanda wa rangi unaozunguka kama skrubu kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukatika.

Ile ambayo Wakenya wengi wanaifahamu ni bano angavu yenye kitu mfano wa jani au panga za feni katikati, maarufu kama jicho la paka. Aina hii ilivuma kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha ikaigwa na viwanda vya nchi nyingine. Kwa hivyo, muuzaji anayedai kwamba jicho la paka alilo nalo ni la enzi za ujenzi wa reli amekosea au anadanganya, kwani reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899.

UMRI WA MTAA

Mahali bano ilipookotwa ni ushahidi pia. Pumwani ni mtaa wa miaka ya 1920 na Kaloleni wa miaka ya 1940, ilhali Buruburu, Umoja na Dandora ilianza kujengwa katika miaka ya 1970. Bano iliyofukuliwa uani Buruburu yaelekea iliangushwa hapo baada ya nyumba kujengwa, ingawa yenyewe yaweza kuwa kongwe zaidi. Isitoshe, vitu vya kuchezea vya mitumba huuzwa Gikomba, na bano iliyonunuliwa huko haisemi lolote kuhusu historia ya Nairobi.

VINAVYOFANANA NA BANO

Si kila duara la kioo ni bano ya mchezo. Mikebe ya rangi ya kupuliza huwa na gololi ndogo ya kuchanganyia rangi, na karakana za magari hazikosi mikebe hiyo. Gololi za chuma hutoka kwenye beringi. Vioo vya kupamba vyombo vya maua na samaki mara nyingi huwa bapa upande mmoja. Kioo kisicho na rangi chenye ukijani huenda kilitoka kwenye chupa ya soda iliyobuniwa na Mwingereza Hiram Codd mwaka wa 1872, ambayo shingo yake huzibwa kwa gololi. Chupa nzima ya aina hiyo huwa na thamani kuliko gololi yake pekee.

JINSI YA KUKADIRIA BEI

Wakusanyaji huzingatia mambo manne: aina, ukubwa, hali na mvuto wa rangi. Ukubwa wa kawaida ni milimita 16. Bano za mashine zinazozidi milimita 25 si nyingi, na zile ndogo mno za chini ya milimita 13 nazo hutafutwa. Kipimo cha mafundi wa chuma, yaani kalipa, hutoa jibu sahihi kuliko rula.

Hali ndiyo huamua mengi. Bano isiyo na dosari yaweza kuuzwa kwa bei maradufu ya pacha wake aliyemeguka. Kwa jumla, macho ya paka ya kawaida huuzwa kwa senti chache za dola, za mashine za kabla ya mwaka wa 1940 kwa dola chache hadi makumi ya dola, na za mkono za Kijerumani kwa makumi hadi mamia ya dola zikiwa nzima. Anayetafuta bei mtandaoni atazame bei ambayo bidhaa iliuzwa kwa kweli, wala si bei anayoitisha muuzaji.

Taa ya kukagua noti bandia nayo hutumika. Kioo chenye madini ya urani hung'aa kijani kikali chini yake. Hata hivyo, mng'ao huo huonyesha kilichomo ndani ya kioo tu, na kioo cha aina hiyo kingali kinatengenezwa.

UTUNZAJI

Bano ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto huweza kukipasua kioo. Isipigwe msasa wala kung'arishwa kwa mashine, kwani kufanya hivyo huondoa uso wa asili pamoja na kovu linalothibitisha umri, na thamani hushuka. Trei ya mayai huzuia bano zisigongane, tofauti na mkebe.

Kisheria, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Bano za Eastlands, ambako mitaa ni ya karne ya 20, kwa kawaida haziingii humo. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye eneo la ubomoaji bila idhini ya msimamizi, sikwambii hatari ya kuta na nyaya.

Muhimu zaidi ni daftari. Kila bano iandikiwe ilipookotwa, tarehe, kipimo chake na jina la aliyeitoa. Jicho la paka la Kaloleni lenye maelezo hayo halitamtajirisha mwenyewe, lakini nyumba zikishabomolewa, litakuwa miongoni mwa ushahidi mchache wa jinsi watoto wa mtaa huo walivyocheza.