Sahani ya baa ya Goma: vyakula vilitoka wapi, na nani aliruhusiwa kukaa mezani

Leo naacha kidogo habari za bei ya makaa na hali ya barabara. Nawapeleka kwenye baa moja ya kati ya mji wa Goma, upande wa Les Volcans. Jina lake sitalitaja, watu wasije wakasema nimelipwa chupa mbili.

Niliingia hapo jioni moja ya mwezi wa kumi 2024, kwa mwaliko wa rafiki aliyekuwa amepata kazi. Ni baa ya kokteli, si mahali pa kuagiza Primus kubwa na kukaa nayo hadi iwe moto. Kijana nyuma ya meza ndefu anachanganya rhum na maji ya marakuja, anatikisa ndani ya kopo la chuma lenye barafu, anamimina katika glasi ndogo, halafu anakuomba pesa ya kulisha nyumba siku mbili. Mimi sikwenda kwa ajili ya hiyo. Rafiki aliniambia kwamba pale chakula hakiletwi ili kusukuma pombe tu. Mpishi anauliza kila kitu kimetoka wapi, na kama hakijui anakirudisha sokoni.

Tukaletewa ubao wenye vitu vitatu: sambaza wa kukaanga na pilipili na limau, viazi vya kuchoma, na vipande vya fromaji ya Masisi. Vitu vya kwetu kabisa, nikasema. Rafiki akajibu: "Vya kwetu tangu lini?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na pale tulipokaa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Sehemu kubwa ya maduka ya kati ilifunikwa. Watu walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi, wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Wakayavunja mawe hayo hayo na kujenga nayo. Mwezi wa tano 2021 tukakimbia tena, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda. Kwa hiyo mkaaji wa Goma anayemdharau muhami aliyelala chini ya bashi ana usahaulifu mkubwa.

Sasa kokteli. Babu yangu hangeweza kuinywa, na sababu haikuwa pesa tu. Ilikuwa sheria. Mwezi wa tisa 1919 mataifa ya kikoloni yalitia sahihi huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mkataba wa kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa kumlinda Mwafrika. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika alikatazwa pombe kali, na mvinyo vilevile, hadi miaka ya 1950. Mzungu katika hoteli yake kando ya ziwa, akijitayarisha kwenda kutazama wanyama katika Parc Albert, alikunywa alichotaka. Mtumishi aliyembebea sinia angepata matata kwa kuonja. Hata kutembea usiku katika mji wa Wazungu kulihitaji karatasi.

Kilichoruhusiwa kilikuwa bia. Kampuni ambayo leo tunaiita Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Wafanyakazi wenye mshahara walikuwa wengi, na mshahara huo ulitafutiwa njia ya kurudi. Sisemi bia ni mbaya, wasomaji wangu wananijua. Nasema tu kwamba hata chupa tunayoizoea mezani ina historia ya nani aliruhusiwa nini. Tena si ajabu siasa ikaanzia hapo: Patrice Lumumba, alipotoka gerezani, alifanya kazi ya kuuza bia ya Polar Léopoldville kati ya 1957 na uhuru kukaribia. Akizunguka kwenye mabaa, akinunulia watu chupa na kuongea nao, alijulikana na mji mzima.

Na chakula cha baa? Hicho ni kazi ya wamama. Neno nganda ni la Kilingala, maana yake ya kwanza ni kambi ya wavuvi, vibanda vya muda kando ya maji ambapo samaki alipikwa na kuliwa papo hapo. Kinshasa jina hilo likapewa nyumba ambamo mama alipika samaki au kuku uani, akaweka viti sita na bia baridi, na mteja akaja kwa sababu ya mkono wake. Huku kwetu mashariki tunajua vilevile: buveti ambayo mama wake hajui kukaanga haimalizi mwaka. Kwa hiyo ile baa ya Les Volcans, inapojisifu kwamba ni baa inayoheshimu chakula, inarudia jambo ambalo wamama walifanya zamani kwenye viti vya plastiki, bila orodha iliyopigwa mashine.

Nirudi kwenye ubao. Sambaza. Ukimuuliza mtoto wa Goma au Bukavu atasema ni samaki wa mababu. Siyo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache sana za samaki, na katikati yake, mbali na pwani, maji yalikuwa karibu matupu. Volkano zilikuwa zimeliziba zamani upande wa kaskazini, na mto Ruzizi unaolitoa kwenda Tanganyika unateremka karibu mita 700 kwa maporomoko. Hakuna samaki mdogo wa kupanda hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kati ya 1958 na 1960, wataalamu wa Kibelgiji walichukua vidagaa kutoka Tanganyika wakavimwaga Kivu. Zilikuwa aina mbili. Moja, yule ndagala mwenyewe, haikuishi. Ya pili ikaishi, ikazaa, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama jambo limefaulu. Katika miaka ya 1970 ndipo wavuvi walianza kuikuta, na mwishoni mwa miaka hiyo uvuvi wake ukapangwa kweli.

Leo mnawajua wale wavuvi: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inaning'inia, wavu umeshushwa chini, na sauti zao za kuimba zinafika hadi vitandani mwetu. Sambaza hufuata mwangaza. Usiku wa mbalamwezi hawavui, kwani ziwa lote linang'aa na samaki hawakusanyiki. Samaki huyu ambaye ni mgeni wa juzi amelisha watoto wa mji huu katika vita vyote, kwa kipimo cha kopo, wakati nyama haikuonekana. Hata viazi vile vya kuchoma, navyo vina asili ya ng'ambo, ila kwa hivyo sina jambo jipya la kusema, isipokuwa kwamba vilikuwa vizuri na vilikuwa vichache.

Fromaji ndiyo iliyonishika. Milima ya Masisi ina baridi na majani mengi. Wakati wa ukoloni Wazungu walikata mashamba makubwa huko, na wazee wanasimulia kwamba walowezi na mapadri ndio walioleta ufundi wa kugandisha maziwa. Sababu ilikuwa barabara. Maziwa hayavumilii matope ya kutoka Masisi hadi Sake, yanafika yamechacha. Fromaji inavumilia. Novemba 1973 Mobutu akatangaza mashamba ya wageni yapewe Wazairi, na mengi yakaangukia mikono ya wakubwa. Lakini ufundi ulikuwa umekwisha kubaki kwa wale waliokuwa wakikoroga sufuria. Mwaka 1993 vita vikaingia Masisi, na miaka iliyofuata ng'ombe waliibwa na kuchinjwa kwa maelfu. Watu wakanunua wengine, wakaanza upya. Ukiona gurudumu dogo la manjano katika soko la Goma, ujue ni mara ya pili au ya tatu linazaliwa.

Nilifunga kipande katika karatasi, na siku ya pili nikakipeleka kambi ya Bulengo, kwa mzee mmoja aliyetoka Masisi ambaye nilimjua kwa habari nyingine. Kabla ya kukimbia alikuwa mtengenezaji wa fromaji. Alikaa juu ya kidumu cha njano, akakinusa, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakata kidogo kwa meno ya mbele.

"Mwanangu, hii ni ya kwetu," akasema. "Lakini haikulala."

"Haikulala namna gani, mzee?"

Akanieleza. Fromaji inapotoka kwenye kibano na kwenye maji ya chumvi, inawekwa juu ya rafu za mbao. Inageuzwa kila siku, inapanguswa. Kwake yeye ililala majuma sita. Hii, akasema, labda majuma mawili. Bado ina maji ndani, bado ina ladha ya maziwa. "Watu wanasikia risasi, hawaachi mali juu ya rafu. Wanaiuza changa, kabla mwenye bunduki hajaila." Kisha akataja, kwa kukadiria tu, upande ambako ilitoka, kwani kule kwingine, akasema, hakuna tena anayekamua.

Mimi nilikuwa nimeandika kuhusu mapigano hayo tangu 2022, Kitshanga ilipoanguka Januari 2023, Sake ilipomwagika yote mjini Februari 2024. Yeye alikuwa amesoma habari hiyo hiyo katika kipande cha ukubwa wa sabuni.

Akaniuliza ubao ule uliuzwa ngapi. Nilitaka kusema uongo. Nikasema kweli: dola 12. Akanyamaza. Nikadhani nimemuumiza, na kumbe alikuwa anapiga hesabu. Kilo moja ya fromaji inataka lita karibu kumi za maziwa. "Walikupa gramu mia na hamsini? Basi lita moja na nusu," akasema. "Na ile kokteli, bei gani?" Nikamwambia. Hapo akacheka mpaka wajukuu wakatoka nje ya hema kuangalia. "Na yenyewe inatikiswa dakika moja!"

Nimefikiri sana juu ya kicheko hicho. Kuna watu wanaosema ni aibu kuandika juu ya baa wakati watu wanalala juu ya mawe, na sikatai kwamba nilitembea kutoka Bulengo nikiwa na haya. Lakini mpishi yule alikuwa analipa pesa taslimu kwa fromaji, na pesa ile ilikuwa inapanda Masisi kwa njia ambazo hakuna lori la msaada lililopitia. Nilipomletea maneno ya mzee, hakukasirika. Alikwenda nyuma, akaleta gurudumu zima, akaliweka juu ya rafu ya chupa, na kuandika tarehe kwa kalamu kwenye mbao.

Gurudumu hilo sijui nani alilikula. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na Februari kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa. Mzee alirudi Masisi na wajukuu wake. Baa ilifunga miezi kadhaa, ikafungua tena, na kwenye orodha mstari wa fromaji umepigwa kalamu.

Juma lililopita nilipata simu yake. Nyumba ina kuta. Rafu zote zilichomwa kama kuni na waliolala humo. Jirani amerudi na ng'ombe watatu, na wamepatana kugawana maziwa. Mbao za rafu mpya atazipasua mwenyewe, chumvi ameipata. Anachotafuta ni sufuria ya lita hamsini, ya aluminium, yenye mfuniko. Aliye nayo upande wa Sake au Mushaki, hata kama ina tundu la kuziba, atuachie ujumbe hapa.