Kadi za kunasa video: historia fupi ya bomba jembamba



Swali ambalo mimi huulizwa sana na vijana wapenzi wa michezo ya video ni hili: ninunue kadi gani ya kunasa video ili nirekodi mchezo wangu na kuurusha mubashara? Wanatarajia nitaje jina la kampuni na bei, basi. Mimi huanza na historia. Yale yanayowaudhi watu leo, yaani picha kukwamakwama, sauti kwenda njia yake na draiva kukataa kufanya kazi, ni mambo ya tangu zamani. Na mengi yana chanzo kimoja: video ni mzigo mkubwa, na bomba la kuupitishia ni jembamba.

Mwanzoni wachezaji wa tarakilishi hawakuhitaji kadi yoyote. Doom ya mwaka 1993 ilihifadhi "demo", faili ndogo iliyoandika mchezaji alifanya nini kila hatua, kisha mchezo wenyewe ukairudia safari nzima mbele ya macho yako. Haikuhifadhi picha hata moja. Lakini aliyecheza kwa konsoli hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na waya wa kwenda kwenye runinga tu, kwa hivyo alirekodi kwa kanda ya VHS.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Brooktree ikatoa chipu iitwayo Bt848, ambayo iliingia katika kadi za makampuni mengi, Hauppauge wakiwemo. Uzuri wake ni kwamba ilimwaga picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya tarakilishi kupitia basi ya PCI, bila kuisumbua prosesa. Sasa tupige hesabu. Picha ya PAL, mfumo wa runinga uliotumika hapa kwetu, ni nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kila nukta ikichukua baiti 2, unapata takriban megabaiti 20.7 kila sekunde. PCI iliweza kubeba hadi megabaiti 133, kwa hivyo hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa diski: saa moja ya video hiyo ni gigabaiti 74 na ushei, wakati diski nyingi za siku hizo zilikuwa na gigabaiti chache tu. Picha ilifika salama, ikakosa pa kulala.

Kadi nyingi za aina hiyo zilikuwa pia na tuna ya runinga. Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, tuna ile ilibaki bila kazi hapa nchini, lakini tundu la waya wa njano bado linanasa picha ya konsoli kuukuu.

Kwa wanaotumia Linux kuna somo jingine. Draiva ya chipu hiyo, bttv, ina orodha ya kadi zaidi ya 150. Familia ya chipu ni moja, lakini kila kiwanda kiliunganisha nyaya kivyake, hivyo wakati mwingine ilikubidi uiambie draiva namba ya kadi yako. Baadaye vikaja vile vifaa vya USB vilivyojulikana kama EasyCap, ambavyo ganda lilikuwa moja na ndani chipu tofauti kabisa. Wawili wangeweza kununua kifaa kinachofanana, mmoja akafurahi na mwenzake akalia. Jina la kwenye boksi halikukuambia lolote.

Dawa ya bomba jembamba ilikuwa kuubana mzigo kabla haujaingia bombani. Mwaka 2008 Hauppauge walitoa HD PVR, kisanduku kilichopokea picha za HD kwa nyaya za komponenti na kuzibana kwa H.264 ndani yake, kisha kuzituma kupitia USB 2.0. Gharama yake ilikuwa kuchelewa: picha ilifika kwenye tarakilishi sekunde kadhaa baadaye, kwa hivyo ulicheza ukitazama runinga iliyochomekwa kwenye tundu la kutokea.

Kwa nini komponenti na si HDMI? Kwa sababu ya kufuli la HDCP. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilifunga picha yake ya HDMI kwa kufuli hilo, hata ile ya mchezo wako mwenyewe. PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013 haikuwa na tundu la analogia kabisa, na wachezaji walisubiri hadi Aprili 2014 ndipo Sony wakawaruhusu kulizima kufuli wakati wa kucheza. Kufikia hapo Twitch ilikuwa imeanza (2011) na programu huria ya OBS imetoka (2012), kwa hivyo watu walikuwa na mahali pa kurusha na chombo cha kurushia.

Halafu mwaka 2020, watu wengi wakiwa wamefungiwa nyumbani, vikafurika vifaa vidogo vya HDMI vyenye chipu ya MS2109. Bei ni ya chini na vinafuata kanuni ya UVC, kwa hivyo havihitaji draiva maalumu. Ila ndani ni USB 2.0, hata pale plagi ilipopakwa rangi ya buluu kama ya USB 3.0. Fanya hesabu tena: 1080p kwa fremu 60, baiti 2 kwa nukta, ni takriban megabaiti 249 kwa sekunde. USB 2.0 haizidi megabaiti 60 hata kwenye karatasi. Kwa hivyo kifaa hubana kila fremu kwa MJPEG, na rangi huchakaa. Sauti nayo hujitangaza kuwa ya mkondo mmoja wa 96 kHz, ilhali ni ya mikondo miwili ya 48 kHz.

Basi kabla hujatoa pesa zako, uliza maswali matatu. Bomba ni lipi: USB 2.0, USB 3.0 au PCIe? Nani anabana picha: kadi yenyewe au tarakilishi yako? Na draiva ni ya nani: ni kanuni ya UVC, au ni programu ya kampuni ambayo huenda ikaachwa mfumo wako ukibadilika? Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza, muage kwa upole. Maandishi ya "4K" kwenye boksi mara nyingi hueleza picha inayopita kwenda runinga, wala si ile inayorekodiwa.

Kwa mtu anayerekodi mbio za kumaliza mchezo haraka, fremu moja kati ya 60 ni kama milisekunde 17, na fremu zikipotea ushahidi wake una mashimo. Ni afadhali 720p isiyopoteza kitu kuliko 4K ya kwenye boksi.

Haya, kila la heri.